Gari Linavuta Kushoto

Madaktari walipomwambia mume wangu kwamba mkono wake wa kushoto utarudi ukipewa kazi, dada yake akamletea gari. Si gari la kupanda. Lilikuwa sanduku la vitofali vya plastiki, vile vinavyong'ang'aniana ukivibonyeza, pamoja na mota, kisanduku cha betri, rimoti, na kijitabu cha picha kisicho na neno hata moja. Ukivipanga kama picha zinavyotaka unapata gari la porini lenye matairi makubwa ya mpira, springi zinazocheza, na nguvu ya kuvuta mbele na nyuma. Juu ya sanduku lilichorwa likipanda mwamba. Wifi yangu alilitua mezani, akajipangusa mikono, akasema, "Kaka, ukilimaliza hili, la kweli halitakushinda."

Nilicheka nao. Woga ulikuwa haujanianza, au ulishaanza nami nikawa nauita kwa majina mengine: uchovu, hasira, mdomo wa wifi.

Niseme kwanza huyu mume wangu ni nani. Ni dereva. Hana sifa nyingine anayoijali. Kwa miaka mingi ameendesha gari la kliniki, lile linalopanda vijiji vya milimani na manesi, kasha la chanjo na mizani ya kupimia watoto. Njia ya huko ni nyembamba na mbaya. Ukipanda, ukuta wa mlima uko kulia kwako na korongo liko kushoto, na korongo lenyewe halina ukingo wala kichaka cha kumpa mtu matumaini. Manesi walimpa jina la Taratibu, kwa kuwa kila akifika kwenye kona anasema "taratibu, taratibu," akiliambia gari, si watu. Aliponichumbia nilimwuliza kama na mimi ataniambia taratibu. Akasema mimi hata akisema hakuna faida, maana sikuumbwa na breki.

Basi kiharusi kilimkuta asubuhi moja akifunga kamba za viatu aende kazini. Alianguka kwa ubavu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mdomo ulipinda, mguu wa kushoto ukawa mzito, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mungu si mchoyo: mdomo ulinyooka, mguu ukarudi na mchechemeo kidogo, na maneno yake yalirudi yote pamoja na yale ambayo ningependa yapotelee huko huko. Mkono tu ndio uliochelewa. Dada wa mazoezi, binti mpole wa hospitalini anayejua kumfinya mtu huku akimsimulia habari, ndiye aliyesema apewe vitu vidogo vya kushika. Wifi akavinunua.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko dirishani, kwenye chumba hicho hicho kimoja tunachokiita sebule, na meza ya kulia chakula ikawa gereji yake. Kwa hiyo niliiona kazi yote. Kila alipodondosha kitofali nilikuwa nakiokota chini ya kanyagio la cherehani, na visivyookotwa nilivikanyaga asubuhi kwa miguu mitupu. Asiyewahi kukanyaga kile kidude asinisimulie habari za uchungu wa kuzaa.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na namna hiyo ndiyo kisa chote hiki. Gari alilikalisha mezani pua ikiwa mbele, nyuma ikiwa kwake, kama vile yuko kwenye usukani. Hakutaka ligeuzwe. Siku moja nilifuta vumbi nikaliacha limemtazama, akapiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Gari linajengwa kutoka kwenye kiti cha dereva!" alisema. "Ukilitazama usoni utachanganya kulia na kushoto, na ukichanganya hivyo ni bora upande baiskeli."

Nilimwacha. Nilifurahi kuona ana hasira za kazi, maana kabla ya hapo alikuwa anakaa tu. Vidole vya mkono mbovu vilianza kubana. Alinieleza difu tena, lile donge la gia katikati ya ekseli linaloruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko mwenzake kwenye kona. Habari hiyo nimeisikia tangu uchumba. Nilimwambia hata nikifa nitaulizwa kaburini difu ni nini na nitajibu vizuri. Alicheka sana siku hiyo.

Kilichonitoa raha kilianzia kwenye sahani.

Alianza kubakiza chakula. Akala nusu, akasukuma sahani, akaomba maji. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku iliyofuata nikasema, "Chakula changu kimekuwa dawa siku hizi?" Akashangaa. Akasema amekimaliza, tena kama ni kubana matumizi nimwambie tu, maana namtilia kidogo kama mtoto. Nikadhani ananichokoza. Niliivuta sahani kwa ghadhabu niondoke nayo, kisha nikabadili nia nikairudisha, ikawa imegeuka, kile kilichobaki kikaangukia upande wake wa kulia. Uso wake ukachangamka.

"Haya, umeniongeza," alisema, akala.

Nilikaa chini. Sijui niliketi juu ya nini. Mkono wa kulia jina lake linatokana na kula, hilo kila mtoto analijua, lakini mume wangu sasa alikuwa anakula upande wa kulia tu, na wa kushoto kwake haukuwapo. Kuanzia hapo nikaanza kumtazama, na kila nilichokiona nilitamani nisikione. Bega lake la kushoto liligonga mwimo wa mlango kila alipopita, naye kila mara aliulaani mlango. Alinyoa ndevu za shavu moja akajipaka mafuta, akatoka. Alivaa shati akaingiza mkono mmoja, mkono wa pili wa shati ukawa unaning'inia mgongoni, akaenda kukaa barazani akisalimia watu kwa heshima zote. Nilimwita ndani nikamvalisha. Akasema, "Kifungo kimelegea?"

Nilimpigia simu dada wa mazoezi nikiwa nimejifungia bafuni, bomba nimelifungulia ili sauti isitoke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza maswali, kuhusu sahani, kuhusu mlango, na kila nilipojibu aliongeza jingine.

"Mama, macho yake hayana ubaya," alisema. "Ni kichwa ndicho kilichosahau upande. Inawapata wengi wenye kiharusi cha aina yake. Hapa kwangu huwa ananitazama ninakosimama, na mimi nasimama kulia kwake nikizungumza, na ule mkono wake huwa namwekea mbele ya macho. Mlete Jumatatu nimpime vizuri."

"Itarudi?"

"Wengine hurudi, kwa mazoezi. Ila nikwambie jambo. Mwenyewe hajui. Si ubishi. Kwake yeye hakuna kitu kilichopungua. Ukimwambia atakuona unamsingizia. Na asiguse usukani, mama. Tafadhali sana."

Nilifunga bomba. Nilitoka nikamkuta anabonyeza kitofali ulimi nje, ametulia, mzuri kabisa wa kutazama. Ungeniambia huyu ni mgonjwa nisingekubali mimi mwenyewe.

Sasa, angekuwa fundi saa au karani ningesema Mungu ni mwema, tutazoea. Nilimfikiria kwenye ile njia. Korongo kushoto, manesi nyuma wakicheka, na dereva anayeliona korongo kama mimi ninavyouona upande wa pili wa mwezi. Usingizi ulinihama. Nikishona nilikuwa nageuka kila saa kumtazama, na kumtazama hakukusaidia kitu.

Ndipo Sista akapiga simu. Sista ndiye mkuu wa wale manesi wa kliniki ya milimani, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwalimu, na simu ya mume wangu ilikuwa mezani na spika iko wazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Taratibu, huyu kijana tuliyepewa atatuua! Juzi tumeshuka wote tukasukuma, na mimi na magoti haya. Nimesikia mkono umepona?"

"Unabana mpaka vitu vidogo, Sista. Najenga gari zima kwa vidole hivi hivi."

"Basi Jumatatu njoo. Ulizungushe gari kidogo uwanjani, mkuu akuone, halafu tunapanda. Akina mama wa huko juu wanaulizia yule wa taratibu taratibu yuko wapi."

"Nitakuwa getini kabla yenu," alisema mume wangu. Sauti yake ilikatika mwishoni, akajifanya anakohoa.

Nilikuwa nashona suruali ya mteja. Nilipokuja kutazama, nilikuwa nimeunganisha mguu wa kulia na wa kushoto toka juu mpaka chini, suruali imekuwa gunia.

Nilijaribu kumwambia. Niliambiwa hataamini, na kweli hakuamini. Nilimwambia habari ya sahani, akasema natafuta sababu ya kumpikia kidogo. Nilimwambia habari ya shati, akasema hata mimi nimewahi kutoka na gauni ndani nje, siku ya arusi ya mtu. Ni kweli, lakini haihusu. Nilimwambia Jumatatu tuna miadi ya hospitali.

"Jumatatu ni kazi. Tutakwenda Jumanne."

"Dada wa mazoezi amesema usishike usukani kabla hajakupima."

"Ameshanipima. Mkono mzima." Akanyoosha vidole, akavikunja. "Kwani wewe mama watoto una nini siku hizi? Umekuwa kama unaombea nisipone."

Hapo ndipo aliponichoma, maana ndani ya moyo wangu palikuwa na kitu kinachofanana na hicho. Sikutaka arudi. Kila nilipowaza Jumatatu nilitamani mkono ule ufe tena kidogo, na baada ya kutamani hivyo nilijichukia.

Kulikuwa na njia rahisi. Ningempigia Sista mimi mwenyewe, nikamweleza, mambo yakaisha. Niliishika simu nikaitua, nikaishika tena. Kumvua mtu kazi yake kwa mlango wa nyuma, tena mtu ambaye hana kingine, si jambo dogo. Siku angejua angekuwa amepoteza kazi na mke kwa mpigo mmoja. Na angejua; manesi hawana siri. Wifi nilimgusia kidogo, akaniruka kimanga.

"Wifi, usimwombee kaka yangu mabaya. Mtu anajenga mashine kama ile, utasema haoni?"

Nikabadili mazungumzo. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nataka kusikia hivyo.

Jumamosi mchana akalimaliza. Alimwita dada yake aje ashuhudie. Wifi alikuja na soda na kelele zake, akakaa kulia kwa kaka yake, mimi nikabaki kwenye cherehani. Gari lilikuwa mezani, pua mbele, na kutoka pale nilipokuwa niliona mgongo wa gari tu na tairi la akiba. Lilikuwa zuri. Mume wangu aliweka betri akalitua sakafuni kwa mikono miwili, mkono mbovu ukiwa chini ya ubavu kama anayebeba mtoto.

"Taratibu," alilinong'oneza, akabonyeza rimoti.

Gari liliguruma likaondoka. Lilikwenda hatua moja likaanza kukata kushoto, likaendelea kukata, likaenda kugonga mguu wa kabati. Wifi alipiga makofi. Mume wangu hakupiga.

"Linavuta kushoto," alisema.

Alilirudisha, akanyoosha usukani, akaliachia. Likavuta kushoto. Akasema mota ya usukani haikukaa katikati. Akaifungua, akaikalisha upya, vidole vikifanya kazi sawasawa, wifi akinitupia jicho la "umeona?" Akaliachia. Likazunguka duara dogo katikati ya sebule, kushoto, kushoto, kushoto, likitoa sauti ya kusaga.

"Sakafu imelala," alisema wifi.

"Sakafu haijalala," alisema kaka yake. Jasho lilikuwa limemtoka. Akafungua gurudumu la mbele la kulia, akalikagua, akalirudisha. Akafungua la nyuma la kulia. Akazibonyeza springi za kulia moja moja na kusema ziko imara. Akalitua. Likavuta kushoto. Dereva yule, ambaye akisikia mlio wa beringi akiwa barabarani anakuambia ni gurudumu lipi, alikaa sakafuni na gari lake mapajani akitafuta ubovu kila mahali ulipokosekana.

Sikuweza kuvumilia. Nilitoka kwenye cherehani, nikapiga magoti mbele yake, nikalichukua gari nikaligeuza limtazame.

Siku zote nilikuwa namtazama yeye, si gari: upande wa kushoto haukuwa umejengwa. Mlango haukuwapo, tundu tupu, unaona waya za mota ndani. Kioo cha pembeni hakikuwapo, wala bawa la juu ya tairi, wala taa. Magurudumu yalikuwapo kwa kuwa ekseli inatokeza pande zote mbili na mkono wake uliyavisha kwa mazoea, lakini yaliingia nusu, yamepinda, lile la mbele linasaga bodi. Na juu ya meza, kwenye trei, upande wake wa kushoto, vipande vya kushoto vilikuwa vimelala vyote kama vilivyomwagwa siku ya kwanza.

Wifi aliitua soda yake chini.

Mume wangu alilitazama gari, akanitazama mimi. Nilimwona akikunja uso.

"Nani amechomoa?"

"Hakuna aliyechomoa, baba watoto."

"Jana lilikuwa na mlango. Nililiacha hapa mezani likiwa na mlango! Ni wewe. Umelibomoa ili nionekane siwezi." Alininyooshea kidole. "Sema tu hutaki nirudi kazini. Sema!"

"Sitaki," nilisema. "Ndiyo, sitaki. Naogopa. Lakini sijagusa gari lako."

Akageukia gari. Lile gari likiwa limemtazama, upande mbovu ulikuwa sasa kulia kwake, akauona vizuri mno. Akaniambia nimletee vipande. Nilivileta nikaviweka kulia kwake, naye akaujenga upande wa kushoto wote pale pale sakafuni, kwa hasira, haraka, bila kutazama kijitabu: mlango, bawa, taa, kioo. Akabonyeza magurudumu mpaka yakalia. Akaliachia likaenda sawa mpaka ukutani, likapanda juu ya kandambili ya wifi, likaivuka. Lilipanda kama lile la kwenye sanduku.

"Haya," alisema akihema. "Nani haoni? Jumatatu saa moja nitakuwa getini."

Wifi alinigeukia kwa macho yanayosema tumwache, wifi, amefaulu. Na mimi nilikuwa karibu kumwacha. Nilikuwa nimechoka. Lakini niliiona akilini ile kona ya juu kabisa, ambako manesi huacha kucheka, nami nikalichukua gari kutoka ukutani.

Nililirudisha mbele yake, pua mbele, kama anavyopenda. Kisha nikafanya jambo ambalo wifi mpaka leo anasema lilikuwa la kikatili. Mbele ya macho yake, bila kuficha mkono, niling'oa kioo cha kushoto. Nikang'oa taa. Nikang'oa bawa, kisha mlango. Kila kimoja kilitoa mlio wa kukatika. Nikavipanga sakafuni pale pale, kushoto kwake.

"Gari liko zima?" nilimwuliza.

"Si nimelimaliza sasa hivi?" alisema. "Zima."

Dada yake alianza kulia. Haikuwa sauti kubwa, alijifunika kanga mdomoni, lakini yeye aliisikia akamgeukia, na uso wake ukabadilika, kwa kuwa mimi anaweza kuniita mwongo lakini yule ni mdogo wake, yeye mwenyewe amemlea mgongoni. Lugha yetu ina utani mbaya. Upande pekee aliobakiwa nao unaitwa kulia, na kulia ndiko tulikokuwa tunafanya, mimi na wifi yangu, sakafuni, kwa ajili ya gari la plastiki.

"Mnalia nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Nilimshika mkono wake wa kulia, ule mzima, nikaupeleka kwenye gari. Niliupitisha juu ya boneti, nikauvusha upande wa pili. Vidole vyake vilitafuta kioo, havikukiona. Vikashuka kutafuta mlango, vikaingia ndani ya tundu mpaka kwenye waya. Vilibaki humo. Kichwa chake kilifuata mkono polepole, kikageuka, kikaendelea kugeuka, mpaka macho yakafika yalipokuwa hayafiki, akaona tundu, na vipande sakafuni, na magoti yangu.

Nilidhani atanipigia kelele tena. Hakupiga.

"Umevitoa sasa hivi," alisema.

"Sasa hivi. Ukinitazama."

"Nikikutazama." Akauchomoa mkono, akaupangusa kwenye suruali. Halafu akauliza, kama mtu anayemwuliza abiria njia, "Ukipanda kule, korongo liko upande gani?"

Anaijua njia ile kuliko anavyonijua mimi. Hakuningoja.

"Liko kushoto," alisema. "Akina mama wa kule nimewabeba na watoto wao."

Wifi alitoka kwenda kunawa uso. Mimi nilimwinua, tukakaa kwenye viti vya meza, nikamshika ule mkono wa kushoto kwa kuwa ndio uliokuwa karibu nami. Ulikuwa na joto, ulikuwa mkono kamili. Nilimweleza yote aliyosema dada wa mazoezi, na safari hii alisikiliza, akiitikia kwa kichwa na kutazama mbele. Nilimwambia wengine hurudi. Akasema, "Wengine," basi. Nikamwambia nitampigia Sista mimi.

"Hapana. Dereva anajisemea mwenyewe."

Akaivuta simu, akapiga. Sista aliitikia kwa furaha.

"Taratibu! Usiniambie unataka kuanza kesho."

"Sista, Jumatatu msinisubiri."

"Mkono umekataa?"

"Mkono mzima. Ni upande. Kuna upande siuoni, na nilikuwa sijui kama siuoni." Akaisogeza simu karibu. "Na huyo kijana msimwache apande mbio. Mwambieni kwenye kona ya juu apunguze gia mapema, asingoje gari limwombe."

Sista akauliza, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, hali hiyo imeanza lini.

"Hilo siwezi kukujibu," alisema mume wangu. "Anajua mke wangu. Ngoja nikupe uongee naye."

Akainyoosha simu kulia kwake, kwenye kiti kitupu alichokuwa amekalia wifi, akaiacha hewani akingoja ipokelewe. Mimi nilikuwa kushoto kwake, bega kwa bega, mkono wake bado nimeushika mapajani mwangu.

"Mama watoto," aliita, akikiangalia kile kiti. "Umekwenda wapi tena?"

Sikuitikia kutoka pale nilipokuwa. Niliulaza mkono wake juu ya meza, nikainuka, nikazunguka, nikakaa kulia kwake, nikaipokea simu.